Siku Moja katika Mji wa Bagamoyo

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo wa wilaya za Mbulu na Hanang)



Nimeombwa nizungumze juu ya mji wa Bagamoyo. Wengi wetu tunausikia tu. Mimi nilifika huko siku moja, pamoja na rafiki yangu ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi huko Hanang. Tulikuwa Dar es Salaam kwa mambo ya kazi, na Jumamosi hatukuwa na shughuli. Rafiki yangu akasema, "Kila mwaka nafundisha watoto habari za Bagamoyo, na mimi mwenyewe sijaiona. Twende." Tukapanda basi dogo asubuhi. Si mbali. Ni kama kilomita 65 kaskazini ya Dar es Salaam.

Watu huuita mji wa Mjerumani. Lakini si yeye aliyeuanzisha. Kabla yake walikuwapo Waswahili, Waarabu na Wahindi, na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilikuwa ikifika hapo kutoka Ujiji na Tabora. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Hiyo ni zaidi ya debe moja na nusu la mahindi. Na alitembea na mzigo huo njia ndefu kuliko kutoka Mbulu hadi Dar es Salaam! Wajerumani walifanya Bagamoyo makao yao makuu ya kwanza. Mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam.

Tulianza na boma lao. Lilijengwa mwaka 1897, ni nyumba kubwa ya ghorofa, kwa mawe ya baharini yenye vitundu vitundu. Mwaka uliofuata, yaani 1898, ndipo ilipoanza kodi ya kibanda, rupia 3 kwa mwaka. Asiye na rupia alifanyishwa kazi. Mzee akisema babu yake alikuwa akiogopa neno "boma", msimcheke.

Kutoka hapo tukaenda makaburini. Hapa nataka tukae kidogo.

Mwaka 1888 kampuni moja ya Kijerumani ilikodi pwani kutoka kwa Sultani wa Zanzibar. Wenyeji hawakuulizwa. Kampuni ikaanza kutoza ushuru na kuwataka watu waandikishe ardhi zao na kuonyesha hati. Hebu fikirini. Mtu shamba lake karithi kwa babu yake. Hiyo hati ya Mjerumani ataitoa wapi? Watu wakakasirika. Huko Pangani akainuka Abushiri bin Salim, huko Saadani Bwana Heri, na vita vikaenea pwani. Serikali ya Ujerumani ikamleta Wissmann na askari wake, wengi wao kutoka Sudani na Msumbiji. Abushiri akakamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Sasa, pale Bagamoyo, karibu na bahari, kuna makaburi ya Wajerumani wa siku hizo. Yamezungushiwa ukuta. Tulisoma majina yao na tarehe walizokufa. Wengine walikuwa vijana kabisa, na sikuona sababu ya kuwafurahia wafu.

Mwendo mfupi kutoka hapo kuna mahali pengine. Pana nguzo ya kumbukumbu, na maandishi yanaeleza kwamba hapo ndipo Wajerumani walipokuwa wakiwanyonga Waafrika waliopinga utawala wao. Tukasoma. Rafiki yangu akazunguka upande wa pili kutafuta majina. Hakuna. Walikuwa wangapi? Nani na nani? Walitoka vijiji gani? Nguzo haisemi.

Akaniambia, "Bwana, waliokuja wana majina. Wenyeji hawana." Sikuwa na la kumjibu. Wala si kwamba pwani watu hawakujua kuandika. Walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa miaka mingi. Lakini anayenyonga ndiye aliyekuwa na kalamu na faili.

Mchana tulikula wali na samaki, kisha tukaenda misheni. Mapadri walifika hapo mwaka 1868. Upo mnara wa kanisa lao la zamani, na humo ulilazwa mwili wa David Livingstone, yule Mwingereza msafiri, Februari 1874. Alikuwa amekufa mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake Waafrika waliuzika moyo wake huko huko chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miguu kwa miezi mingi hadi Bagamoyo. Walikuwa watu kadhaa wa kadhaa. Walipofika walilipwa, wakaambiwa waende zao.

Majina ya wengi wao hatuyasikii. Tunawasikia Susi na Chuma, waliokuwa viongozi. Na tunamsikia Jacob Wainwright. Huyu aliwahi kuwa mtumwa utotoni, akaokolewa, akasomeshwa shule. Kule Zambia ndiye aliyechonga maandishi kwenye ule mti. Aliandika pia habari za safari ile kwa mkono wake, na maandishi hayo yapo mpaka leo. Akaenda na mwili hadi Uingereza, akawa mmoja wa walioshika jeneza London, Aprili 1874.

Jioni tukarudi Dar es Salaam. Ndani ya basi hatukuzungumza juu ya Bagamoyo tena, tulizungumza juu ya kwetu. Mbulu nako Mjerumani alikuwa na boma. Nani walibeba mawe? Nani walikataa kodi, wakafanywa nini? Huko Hanang ni Wabarabaig gani waliochukuliwa ng'ombe? Mzee wa miaka 80 leo, babu yake alimwona Mjerumani kwa macho. Mzee huyo akiondoka, hakuna wa kumuuliza.

Kwa hiyo nina kazi ya kuwapa. Kila mmoja na daftari lake aende kwa mzee mmoja, wa Kiiraqw, wa Kibarabaig, wa kabila lolote. Asiulize habari za Ujerumani. Amuulize jina la babu, jina la kijiji, alifanyishwa kazi gani, nani alikuwa pamoja naye. Aandike kama mzee anavyosema, hata kama ni kwa lugha ya nyumbani. Mzee akisema "sikumbuki", aandike hivyo hivyo. Aandike na tarehe ya siku hiyo, na jina la mzee, na la kwake mwenyewe aliyeandika.

Madaftari nitayapitia mwisho wa mwezi. Wenye kalamu zilizokwisha wanione kabla ya kuondoka.