Galileo Hakuulizwa Kama Anasema Kweli

Nimepewa mada ya sayansi na dini, ila kwa kuwa nasoma sheria nitaipitia kwenye jalada la kesi.

Mwaka 1543 Copernicus alichapisha kitabu akisema dunia ndiyo inayolizunguka jua. Mwaka 1610 Galileo, kwa darubini, akaona miezi minne ikiizunguka sayari ya Mshtarii. Kumbe si kila kitu kinaizunguka dunia! Mwaka 1616 Kanisa kule Roma likatangaza kwamba hoja ya Copernicus inapingana na Maandiko. Galileo akaitwa na Kardinali Bellarmine, akaonywa. Mwaka 1632 akatoa kitabu kwa Kiitaliano, lugha ya watu wa kawaida, siyo Kilatini cha wasomi. Kibali cha kuchapisha alikuwa nacho. Bado akashtakiwa, mzee wa miaka 69.

Sasa hapa sikilizeni vizuri. Mashtaka yaliegemea karatasi ya 1616 inayosema alikatazwa kuifundisha hoja ile kwa namna yoyote. Karatasi haina sahihi yake wala ya Bellarmine. Yeye akatoa hati yenye sahihi ya Bellarmine, inayosema alijulishwa tu kuwa hoja hiyo haifai kutetewa. Bellarmine alishafariki 1621, hakuna wa kumuuliza. Wataalamu wakapewa kitabu waangalie kama kinatetea kilichokatazwa. Kama ni kweli au si kweli, hilo hawakuulizwa.

Tarehe 22 Juni 1633 akatiwa hatiani, akaikana hoja yake akiwa amepiga magoti. Alikaa kifungo cha nyumbani hadi kufa, 1642.

Jamani, msitoke hapa mkisema dini ni adui wa sayansi. Galileo alibaki Mkatoliki, na binti zake wawili walikuwa watawa. Mwaka 1992 Papa John Paul II alikiri kwamba waliomhukumu walikosea. Kosa lilikuwa kuuliza "nani kakuruhusu?" mahali pa kuuliza "una ushahidi gani?"

Swali la kibali sisi tunalijua, tumeulizwa sana. Lakini tujiangalie na wenyewe. Mwenzetu akisimama kikaoni na takwimu zinazotuumiza, huwa tunamwomba ushahidi, au tunamuuliza katumwa na nani? Tukishika dola na tabia hiyo, tutakuwa tumebadilisha majaji tu, kesi ni ileile.