Wagiriki wa Kale: Kasia, Kigae na Herufi

Ninyi mlio darasani, fungueni kitabu, mfuate maneno haya polepole kwa kidole.

Leo tutazungumza juu ya Wagiriki wa kale, hasa watu wa mji wa Athens, walioishi miaka 2,500 hivi iliyopita. Labda mtauliza: Watu wa zamani namna hiyo, wa nchi ya mbali, wanatuhusu nini sisi? Subirini kidogo. Kabla somo halijaisha mtaona kwamba kila mshikapo kalamu mnatumia kitu walichotuachia.

Kwanza tutazame maisha yao. Ugiriki ni nchi ya milima na mawe. Ardhi nzuri ya kulima ni kidogo. Watu wengi walikuwa wakulima wadogo. Walilima shayiri na ngano, wakapanda mizabibu na mizeituni. Mafuta ya zeituni yalikuwa ya kula, ya kujipaka mwilini, na ya kuwasha taa. Nyumba zao zilijengwa kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani. Walikula mikate na uji wa shayiri, dengu, jibini na samaki. Nyama waliila hasa siku za sikukuu. Wanawake walisokota sufu na kufuma nguo za nyumba nzima.

Sasa tutazame vita. Wagiriki hawakuwa na serikali moja. Kila mji ulijitawala, na mara nyingi miji hiyo ilipigana. Askari wengi walikuwa wakulima wenyewe. Kila mmoja alijinunulia silaha zake: kofia ya shaba, ngao kubwa ya mti, na mkuki mrefu. Walisimama kwa safu, bega kwa bega, na ngao ya kila mtu ilimkinga pia mwenzake wa kushoto. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa namna hii, mwaka 490 K.K., yaani Kabla ya Kristo, watu wa Athens, wakisaidiwa na watu wa mji mdogo wa Plataea, waliwashinda Waajemi katika uwanda wa Marathon.

Lakini je, maskini asiyeweza kununua silaha alifanya nini? Mwaka 483 K.K. madini mengi ya fedha yalipatikana katika machimbo ya Laurion, karibu na Athens. Wengine walitaka wagawiwe fedha hiyo. Bwana mmoja, jina lake Themistocles, aliwashauri wajenge merikebu za vita. Wakakubali. Kila merikebu ilihitaji wapiga makasia 170, na hapo ndipo maskini walipoitwa. Mwaka 480 K.K. Xerxes, mfalme wa Uajemi, alikuja na jeshi kubwa akauchoma mji wa Athens. Lakini katika mlango mwembamba wa bahari, huko Salamis, merikebu zake nyingi zilibanana, zikashindwa.

Basi mji uliokolewa na mikono ya watu wasiokuwa na mali. Mtu aliyeokoa mji ni vigumu kumwambia anyamaze mkutanoni. Katika miaka iliyofuata sauti ya maskini ilizidi kupata nguvu. Walikaa katika mkutano wa raia pamoja na matajiri, wakaamua mambo ya vita na ya amani kwa kuinua mikono. Utawala huo waliuita demokrasia. Neno hili limetoka katika maneno mawili ya Kigiriki: "demos", maana yake watu, na "kratos", maana yake nguvu.

Lakini tusiwasifu kupita kiasi. Wanawake hawakuwa na kura. Wageni hawakuwa na kura, hata kama walikaa mjini miaka mingi. Watumwa nao hawakuwa na kura, na ile fedha iliyojenga merikebu ilichimbwa na watumwa chini ya ardhi.

Sasa sikilizeni habari inayowahusu hasa ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika. Watu wa Athens walikuwa na desturi ya kumwondoa mjini kwa miaka 10 mkubwa waliyemwogopa kwamba amepata nguvu nyingi mno. Kila raia aliandika jina moja juu ya kigae cha chungu kilichovunjika. Vigae vikifika 6,000, mtu aliyeandikwa mara nyingi kuliko wengine aliondoka.

Mwandishi Plutarch anasimulia juu ya Aristides, aliyeitwa Mwenye Haki. Siku ya kura hiyo mkulima mmoja asiyejua kuandika alimpa kigae, bila kumtambua, akamwomba amwandikie jina la Aristides. Aristides akamwuliza, amekukosea nini? Yule mkulima akajibu kwamba hakumkosea neno, wala hamjui. Amechoka tu kumsikia akiitwa Mwenye Haki kila mahali. Aristides akaandika jina lake mwenyewe, akamrudishia kigae. Mwaka 482 K.K. alifukuzwa.

Mkulima yule alikuwa na bahati kukutana na mwaminifu. Mwaka 1937 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta katika kisima huko Athens vigae 190 hivi, vyenye jina la Themistocles. Walipochunguza mwandiko, waliona kwamba viliandikwa na watu 14 tu. Yaelekea viliandikwa mapema ili wagawiwe watu. Asiyejua kusoma angepokea kigae na kupiga kura iliyoandikwa na mwingine. Themistocles naye, aliyewaokoa Salamis, alifukuzwa baadaye kwa kura ya vigae.

Na kile kitu walichotuachia ni nini? Wagiriki walijifunza herufi kwa Wafoinike, watu wa pwani ya Lebanon. Wafoinike hawakuwa na herufi za irabu. Kwa namna yao neno "baba" lingeandikwa BB tu. Je, tungesoma baba, bibi, au bubu? Wagiriki wakatia herufi za irabu. Kisha Warumi wakazichukua na kuzitengeneza, na ndizo hizi A, E, I, O, U mnazoandika. Herufi za Kiarabu, zilizoandikia Kiswahili pwani kwa karne nyingi, nazo ni jamaa wa mbali wa zile za Wafoinike.

Mkiwa na mwalimu wenu, zungumzeni maswali haya. Kwa nini wapiga makasia walipata sauti? Ni nani waliofanya kazi ya mji lakini hawakupata sauti? Mkulima angefanya nini kama mtu mwingine angeandika jina asilolitaka?

Halafu kila mmoja achukue kigae na kipande cha mkaa, aandike jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Irabu zote ziwe mahali pake.