HODI NA ADABU YAKE

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, leo tutazungumza juu ya neno dogo tulitamkalo kila siku hata tukasahau uzito wake: hodi. Wengi wetu hudhani hodi ni kutangaza kwamba tumefika. Sivyo. Hodi ni ombi, na mwenye kuomba hupewa au hunyimwa.

Katika Sura ya An-Nur, aya ya 27 na ya 28, Mwenyezi Mungu ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tupate idhini na tuwatolee salamu wenyewe. Tukiambiwa turudi, turudi bila ya kununa. Mtume (S.A.W.) akatufundisha mpaka wake: mara tatu, tusipoitikiwa, tuondoke. Naye alikuwa akisimama kando ya mlango, asiukabili, ili jicho lisitangulie mguu.

Jabir bin Abdillah (R.A.) alimwendea Mtume kwa jambo la deni aliloliacha baba yake. Akabisha mlango, alipoulizwa ni nani, akajibu kuwa ni yeye. Jibu hilo halikumpendeza Mtume. Basi hata mwenye shida hutaja jina lake na kungoja.

Kuingia kwa watu bila ya hodi ni jeuri, na ardhi hii imeiona. Tarehe 19 Julai 1917 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipigana vikali hapa Narung'ombe, wala hayakuwapigia hodi wenyeji. Wale walikuwa wageni wenye bunduki. Je, sisi kwa sisi tuna udhuru gani?

Msimu wa korosho ufikapo, hapa kwetu na kote Ruangwa na Nachingwea, fedha huingia majumbani na wadai hutoka. Mdai hupiga hodi moja, na kabla ya kusikia "karibu" amekwisha kufika uani, mama wa watu yumo katika shughuli zake. Fedha ni haki yake. Ua si haki yake. Nasi tunaodaiwa tusijifiche ndani na kumtuma mtoto aseme baba hayupo. Huko ni kumfundisha mtoto uwongo. Kama hatuna, tutoke, tumkaribishe, tuombe muhula.

Adabu hii huanzia ndani ya nyumba. Aya ya 58 ya Sura hiyo hiyo yawataka hata watoto waombe ruhusa nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya sala ya isha. Na simu ya mwenzetu nayo ina mlango. Tusiufungue bila ya hodi.

Ewe Mola wetu, tusitiri, na utujaalie kuwasitiri wenzetu. Amin.