Mzee akikataa mtihani, usimwandikie sifuri

Leo tuongee kuhusu wazee wetu na vipimo vya akili.

Siku moja hapa Lalago nilimpima kumbukumbu mzee mmoja mwenye afya njema. Nikamwambia, "Babu, toa 7 kwenye 100, halafu endelea kutoa 7." Akasema 93. Akasema 86. Akanyamaza. "Mjukuu wangu, umekuja kunipima au kunicheka?" Akachukua fimbo yake, akaondoka. Nikamwandikia sifuri.

Jioni ng'ombe walipoingia zizini, aliwatupia jicho mara moja tu akajua mtamba mmoja hayupo.

Je, huyu ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu? La hasha! Kwa nini basi alikataa?

Kwanza, heshima. Mjukuu kumtahini babu yake mbele za watu ni kumvunjia heshima.

Pili, shule. Elimu ya msingi kwa wote (UPE) ilianza mwaka 1977. Mwenye miaka 75 leo alikuwa tayari mtu mzima. Kipimo maarufu cha MMSE, cha mwaka 1975, humtaka aandike sentensi na kunakili mchoro, wakati hata kalamu hajaizoea!

Tatu, uchovu. Kazi ngumu ya kichwa humpandisha mzee presha kuliko kijana, kwa hiyo huchagua pa kutumia nguvu zake.

Nne, hofu. Huku Usukumani wako bibi waliouawa kwa kushukiwa uchawi, eti kwa sababu ya macho mekundu, kumbe ni moshi wa jikoni! Neno "amechanganyikiwa" likivuma kijijini linaweza kumponza mtu.

Ndiyo maana wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walitengeneza kipimo cha IDEA kwa wasiosoma. Mzee hupanga njiti za kiberiti na kutaja wanyama kwa dakika moja. Kalamu haihitajiki.

Sasa wewe ufanyeje? Salimia kwanza. Kaeni faragha, mweleze sababu ya kumpima, na zungumza lugha anayoielewa, hata Kisukuma. Mwache apumzike. Akikataa, andika "amekataa", basi.

Lakini usijisahau! Mzee akianza kupotea njia ya kisima alichokizoea, au kusahau majina ya wanawe, mpeleke kituo cha afya mapema.

Mimi ile sifuri niliifuta. Na wewe je, ungemwandikia babu yako nini?