Kura ya Jimbo Changa



Leo tukumbuke tarehe 30 Desemba 2018. Jimbo letu la Tanganyika lilitoka katika Katanga mwaka 2015, kama Katiba ya 2006 ilivyoagiza. Siku ile, kwa mara ya kwanza, tulimchagua Rais wa Jamhuri tukiwa jimbo letu wenyewe. Lakini tulifika tukiwa na vidonda. Vita kati ya ndugu Watwa na ndugu Waluba ilikuwa imechoma vijiji, na wengi walikuwa bado chini ya maturubai.

Mama uliyekimbia Nyunzu, sikiliza jambo hili. Siku ile tulichagua mara tatu: Rais, wabunge wa taifa na wabunge wa jimbo. Kura ya Rais ina uzito mmoja nchi nzima, uipige Kalemie au Kinshasa. Ya Mtwa ni moja. Ya Mluba ni moja. Lakini mbunge huchaguliwa kwa eneo. Ukijiandikisha Kalemie, unachagua wabunge wa Kalemie, si wa kule shamba lako lilipo. Na wabunge wa jimbo ndio wanaomchagua gavana. Basi kabla ya kuandikishwa tena, jiulize: nitarudi kwetu, au nitabaki hapa? Na kadi yako ichunge kama mbegu.

Nanyi wazee machifu, msiseme, "Kambi ile ilimpigia adui yetu." Kura ni siri. Nani alichungulia? Neno kama hilo linatembea usiku, na asubuhi mishale imeshatoka. Mkimbizi akija kuandikishwa, msimwulize kabila, mwonyesheni njia.

Januari 2019 Rais mmoja alimkabidhi mwingine madaraka bila risasi. Wengi walibishana juu ya hesabu ya kura, na kesi ilifika Mahakama ya Katiba. Kubishana si dhambi. Dhambi ni kumchomea jirani nyumba kwa sababu ya mtu wa Kinshasa asiyelijua jina lako.

Rais hupita. Jirani unabaki naye kisimani.

Jioni hii, zungumzeni jambo hili katika baraza, Mtwa na Mluba kwenye mkeka mmoja. Kwaherini, tukutane tena kwa amani.