Saa ya Mkononi na Saumu ya Mgonjwa wa Sukari

(Mada iliyotolewa kwa vijana wa mtaa baada ya swala ya Alasiri, Eastlands, Nairobi)



Shukrani zote ni za Allah (S.W.T), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, wazee wetu, na akina mama mlio upande wa pili wa pazia: nimeombwa nizungumze kuhusu vyombo vya kupima afya vinavyovaliwa mwilini. Si mnaviona siku hizi? Mimi si daktari. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na madrasa nimesoma hapa hapa mtaani. Kwa hivyo nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mama yangu ana ugonjwa wa sukari na hujidunga insulini. Wiki moja kabla ya Ramadhan iliyopita nilimnunulia saa mjini kwa shilingi 2,500. Muuzaji aliniapia kwamba inapima moyo, presha, hata sukari, bila kudunga kidole. Nilifurahi jamani! Vidole vya mama vimejaa alama za sindano, na vile vijikaratasi vya mashine ya sukari vinakula pesa kila wiki.

Siku ya nne ya mfungo, yapata saa tisa alasiri, mama alianza kutoka jasho na mikono kumtetemeka. Akatazama saa yake. Ikasema 5.8, yaani sukari iko sawa. Akaniambia, "Ni uchovu tu mwanangu, Magharibi si mbali." Nami nikakubali! Dada yangu ndiye aliyekataa. Alileta ile mashine ya zamani, akamdunga kidole, ikasoma 2.9. Tulimfungulisha pale pale kwa maji ya sukari. Alhamdulillahi, yuko hai, na leo amekaa hapo nyuma ya pazia ananisikiliza.

Usiku ule niliifunga saa ile kwenye chupa ya uji. Ikasema 5.6. Ndugu zangu, uji una damu?

Baadaye nilisoma kwamba tarehe 21 Februari 2024, mamlaka ya dawa na vifaa vya matibabu ya Marekani, FDA, ilionya watu kuhusu saa na pete zinazodaiwa kupima sukari bila kutoboa ngozi. Ilisema haijaidhinisha hata moja. Saa nzuri inaweza kuhesabu mapigo ya moyo kwa mwanga, na nyingine, kama Apple Watch tangu 2018, zinaweza kuonyesha moyo unaopiga ovyo ili mtu aende kwa daktari. Lakini sukari ni jambo lingine.

Basi kipo cha kweli? Kipo. Kuna kidude kidogo cha mviringo kinachobandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Kinachojulikana sana ni FreeStyle Libre, kilichoanza kuuzwa Ulaya mwaka 2014. Kina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi na kupima sukari iliyo katika majimaji ya mwili, usiku na mchana, na simu inaonyesha namba. Kwa kuwa hakipimi damu yenyewe, hukawia dakika chache nyuma yake. Ndiyo maana mtu akijisikia vibaya na namba ikasema yu salama, adunge kidole ahakikishe.

Wengine wataniuliza, je, udhu? Udhu tunaosha mpaka viwiko, nacho kinakaa juu ya hapo. Na kudunga kidole kupima damu, masheikh wengi wameeleza kwamba hakubatilishi saumu. Asiwepo mtu wa kuacha kupima kwa sababu eti amefunga.

Tatizo ni bei. Kimoja, kwa zile aina za mwanzo, huvaliwa siku 14. Hesabuni wenyewe: viwili ni siku 28, havifiki hata Idi. Wangapi hapa mtaani wataweza? Lakini mashine ya kidole bado inafanya kazi ile ile, mradi itumike kwa wakati wake. Wataalamu wa kisukari na Ramadhan wanasema mgonjwa apime kabla ya daku, asubuhi, adhuhuri, alasiri, kabla ya kuftari, saa mbili baada ya kuftari, na wakati wowote akijisikia vibaya. Ikishuka chini ya 3.9, au ikipita 16.6, afungue mara moja. Asingoje adhana.

Hapo ndipo penye mtihani wetu. Mwaka 2001 ulifanywa uchunguzi katika nchi 13, kwa wagonjwa wa sukari 12,243. Katika wale wenye kisukari cha aina ya pili, 79 kati ya kila 100 walifunga siku zisizopungua 15. Na kushuka kwa sukari kwa hatari kuliongezeka mara saba na nusu kwao katika Ramadhan. Watu wetu wanaipenda saumu, na hilo ni jambo zuri. Lakini wengine wanaona haya kula mchana mbele ya watoto na majirani. Mama aliniambia baadaye kwamba hata ile saa ingesema ukweli, huenda angengoja Magharibi. Hebu fikirieni! Chombo kinaweza kutoa habari, lakini hakiwezi kumwondolea mtu aibu. Hiyo ni kazi yetu sisi tunaoishi naye.

Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, Allah amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na masheikh wamefafanua fidia kwa asiyetarajia kupona. Aliyetoa amri ya saumu ndiye aliyetoa ruhusa. Kwa nini sisi tuwe wakali kuliko sharia?

Nawaomba mambo matatu. Kwanza, mgonjwa amwone daktari wiki sita mpaka nane kabla ya Ramadhan, ili dawa zipangwe upya, kisha amwone sheikh. Pili, kijana unayetaka kumnunulia mzazi saa ya kupima sukari, pesa hizo nunua vijikaratasi vya mashine. Tatu, tunapochangia futari mwaka huu, tuchangie pia mashine moja ya sukari ikae hapa msikitini, na ukimwona mzee anakunywa maji mchana, umsogezee kiti.

Allah awaponye wagonjwa wetu na atukubalie saumu zetu. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.