Safari Moja, Sauti Moja: Maoni Yetu Juu ya Usafiri wa Sumbawanga na Mpanda



Ndugu waamini na viongozi wa walei, tunatafakari juu ya safari kati ya Sumbawanga na Mpanda, na wajibu wetu kila tunapoombwa maoni kuhusu safari hiyo.

Miji hii ni jirani tangu zamani. Hadi mwaka 2000 ilikuwa katika jimbo moja, ndipo likazaliwa Jimbo la Mpanda. Hadi mwaka 2012 ilikuwa katika Mkoa mmoja wa Rukwa, ndipo ukaanzishwa Mkoa wa Katavi. Mipaka imegawanyika, lakini msafiri hakugawanyika. Anayetoka Ufipa kwenda kupanda treni Mpanda hupita Kanazi, Kizi, Kibaoni na Sitalike kwa safari moja na kwa fedha za mfuko mmoja. Lami nayo ilijengwa vipande vipande. Sehemu ya Kibaoni hadi Sitalike, ipitayo katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ilichelewa. Kama kila upande utasemea kipande chake tu, ni nani atakayeisemea safari nzima?

Ibara ya 21 ya Katiba yetu humpa kila raia haki ya kushiriki katika uamuzi wa mambo yanayomhusu. Basi kutoa maoni si kuomba hisani, wala si uchochezi. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, wajane waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, manung'uniko yalisikika. Mitume hawakuwanyamazisha watu. Waliita mkutano, na watu wakachagua saba wa kusimamia huduma.

Lakini tukiri kosa letu. Twanung'unika ndani ya basi, na mkutano ukiitwa twakaa kimya. Husema wenye magari na wenye maduka. Mama mwenye gunia la mahindi, mgonjwa aendaye hospitali, na mlemavu asiyeweza kupanda ngazi za basi hawapo. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Maoni yasiyotoka kwa hao hayajakamilika.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, kila Jumuiya Ndogondogo iwasikilize wasafiri wake kabla ya mkutano. Iandike mahali, saa na majira: ni wapi gari hukwama wakati wa mvua, ni kituo gani hakina kivuli wala choo.

Pili, tupeleke neno kwenye mlango wake. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Za vijijini na mitaani ni za TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Nauli na leseni za mabasi husimamiwa na LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Anayelalamikia nauli kwa mjenzi wa barabara hupoteza siku yake.

Tatu, parokia za pande zote mbili zilinganishe maoni yao, kisha ziulize muhtasari wa mkutano na majibu. Neno lisiloandikwa husahaulika upesi.

Tuseme kwa adabu, tuseme ukweli, na tusichoke kufuatilia. Aliyeachwa kituoni usiku na mtoto mgongoni anatungoja tumsemee. Na zaidi ya hayo, anatungoja tumpe nafasi ajisemee mwenyewe.

Mungu awabariki.